Kitabu cha Hisabati Kilichosubiri Mgeni Rasmi

Kwa wewe utakayekalia kiti changu.

Watu huandika kumbukumbu za kazini wakiwa na mvi na kiinua mgongo. Mimi sina hata kimoja. Sijafika miaka thelathini, na siku ya kuondoka nilipewa soda na picha ya pamoja. Hata hivyo nasema nimestaafu, kwa sababu ukisema umeacha kazi watu hukuuliza umepata wapi pengine. Sijapata, wala sitafuti. Kazi yenyewe ndiyo nimemalizana nayo.

Habari za vyeo sitaziandika, maana sikupanda hata kimoja, na mshahara ni mambo ya wahasibu. Nitaandika kuhusu programu moja na namna ya kuijenga, kwa sababu ukifika utakuta haipo. Na nitaandika kuhusu kitabu kimoja cha hisabati, kwa sababu utaambiwa kwamba kilifanikiwa. Picha yake imetundikwa pale koridoni.

Kituo chetu kiko Ilemela, juu kwenye mawe, mahali ambapo gari linakuacha chini na wewe unapanda ukiwa umeshika viatu kama mvua imenyesha. Kazi yake ni kutengeneza vitabu vya nukta nundu kwa wanafunzi wasioona wa huku kwetu kanda ya ziwa. Kabla ya hapo nilikuwa nahudumia wateja kwenye chumba cha intaneti Buzuruga, jirani na stendi. Kompyuta za pale zilikuwa zimeoza kwa virusi na mwenye nazo hakutaka kugharamia programu, hivyo nikajifunza mwenyewe kuziwekea mfumo huria usiolipiwa, huku nikiwaambia wateja wasubiri kidogo. Chuo changu kilikuwa hicho. Cheti sina.

Siku ya usaili Mkurugenzi, mama mwenye sauti ya upole na miwani iliyofungwa kamba shingoni, aliniuliza habari za hicho cheti mara mbili, kana kwamba mara ya pili ningekikumbuka. Pembeni yake alikaa mzee mmoja amevaa koti na tai, mikono juu ya magoti, macho yamefumba. Huyo ndiye aliyekuwa Mwalimu Kaijage, Mhaya wa Muleba, aliyepoteza macho utotoni kwa surua. Alikuwa mhariri wetu: kila ukurasa uliotoka kwenye mashine aliusoma kwa vidole kabla haujaunganishwa kuwa kitabu.

"Mashine imekufa tangu Pasaka," alisema taratibu. "Yule mwenye cheti aliyetangulia aliizima vizuri sana. Mwacheni binti ajaribu kuiwasha."

Niliiwasha. Ilikuwa waya tu. Nilipomwambia Mkurugenzi kwamba ni waya tu, Mwalimu aliniita nje akaniambia nisiwe ninasema "tu" mbele ya watu wanaonilipa.

Niliogopa sana mwaka ule, na niseme ukweli, naogopa hadi leo. Barua pepe ya mistari miwili naisoma mpaka maneno yanapoteza maana. Nikifunga mlango, narudi kuusukuma. Ukurasa ambao ukingo wake umesogea kwa nukta moja siwezi kuuacha, na kucha zangu nimezila tangu shule ya msingi. Sisi tusio na vyeti tunajua jambo moja: kosa la aliyesoma linaitwa bahati mbaya, letu linaitwa kutosoma.

Sasa vifaa. Mashine ya kuchapa nukta nundu utaikuta kona ya kushoto. Haina wino. Inagonga karatasi nene kwa sindano mpaka karatasi inatoa vipele, na kelele yake ni kama mahindi yanapukuchuliwa ndani ya pipa. Lakini mashine haijui kusoma. Kati yake na maandishi ya kawaida lazima iwepo programu ya kutafsiri herufi kuwa nukta. Tuliyoitumia ni programu huria, imeandikwa na watu wa kujitolea katika nchi ambazo sitafika, na msimbo chanzo wake uko wazi: yeyote anaweza kuusoma, kuurekebisha na kujijengea programu yake mwenyewe. Niliipenda kwa sababu hiyo. Haikuwahi kuniuliza nilisoma wapi.

Kwa vitabu vya hadithi na historia ilifanya kazi vizuri. Hisabati ndiyo iliyoishinda. Toleo tulilokuwa nalo lilikuwa la zamani, na sehemu za hesabu, kama nusu na robo, ilizitoa hovyo. Nilipomchapia Mwalimu ukurasa wa majaribio wenye robo tatu, alipitisha kidole, akarudi nyuma, akapitisha tena.

"Kabula," aliniita. "Hii ni hesabu au ni tarehe ya kikao?"

Ndiyo maana hatukuwa na kitabu cha hisabati. Na kwa kuwa hatukuwa na kitabu, wanafunzi wasioona wa shule nilizozijua walikuwa wanasamehewa somo hilo. Neno linalotumika ni hilohilo, kusamehewa. Sijui walikuwa wamekosa nini.

Wengi hawakulalamika. Aliyelalamika aliitwa Consolata. Alikuwa kidato cha tatu katika shule moja huko Misungwi, kwao Ukerewe, na alitaka kuwa mwalimu wa hisabati. Mwalimu Kaijage alikutana naye alipopeleka vitabu vya historia, akarudi kama mtu aliyegombezwa. Muhula uliofuata alimleta kituoni nimsikie mwenyewe. Nilimpa maswali kwa mdomo, akawa anajibu kabla sijamaliza kusoma, anachezea mkanda wa sketi yake ya shule kama vile anasubiri kitu kigumu.

"Ukiniuliza jibu, ninalo," aliniambia. "Wakiniambia nionyeshe njia, sijui njia inafananaje kwenye karatasi. Sijawahi kuishika."

Mwalimu wa taaluma wa shule yake alikuwa mtu wa haki. Alituambia waziwazi kwamba kama shule itakuwa na kitabu mkononi kabla usajili wa mtihani wa kidato cha nne haujafungwa, atamwandikisha Consolata hisabati. Bila kitabu hawezi kumwandikisha binti wa watu akafeli. Kwa hiyo tulijua tunachotafuta, na tulijua mwisho wake ni lini.

Niligundua kwamba toleo jipya la ile programu lilikuwa limeongezewa kanuni za hisabati. Shida ni kwamba kwa kompyuta yetu, ambayo ilikuwa imekwishakula chumvi nyingi, halikuwepo lililo tayari. Ilibidi kulijenga kutoka kwenye msimbo chanzo. Sisi tulisema kukompaili. Programu iliyokwishajengwa ni sawa na kununua ugali hotelini. Hapa unapewa mahindi, na baada ya kupewa unaulizwa kama una kinu. Kinu nacho kinadai mchi. Kila nilichopakua kilitaka maktaba nyingine ya msimbo iwepo kwanza, na hiyo nayo ilitaka yake. Bando likiisha nilikuwa nashuka mpaka Buzuruga, napakua kwenye kompyuta zangu za zamani, napanda tena mawe na flashi mfukoni, na nikifika juu nagundua nimechukua toleo lisilopatana na lingine.

Skrini ilikuwa ikijaa makosa mekundu mpaka juu. Mwalimu alikuwa anavuta kiti, anakaa kando yangu.

"Nisomee."

"Inasema imeshindwa, Mwalimu."

"Nisomee kama ilivyoandika. Siyo kama unavyoogopa."

Nikawa nasoma, herufi kwa herufi, Kiingereza kibovu cha mashine, na yeye anasikiliza kama anasikiliza risala. Alikuwa hajui kitu kuhusu kompyuta lakini aliniuliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza: kosa la kwanza ni lipi? Mimi siku zote nilikuwa nahangaika na la mwisho, kwa sababu ndilo lililokuwa mbele ya macho yangu. Tulipopanda mpaka juu kabisa tulikuta faili moja tu halikuonekana, na yote mia yaliyofuata yalikuwa yanalilia hilo moja. Liweke akilini. Kosa la kwanza ndilo kosa, mengine ni waombolezaji.

Kisha likaja tatizo ambalo bado linanifanya nicheke, nikiwa peke yangu. Ujenzi ulianza kwenda vizuri asubuhi, lakini ukifika katikati, baada ya chakula cha mchana, kompyuta inajizima. Niliupakua msimbo upya. Nilipitia maagizo yote ya ujenzi mstari kwa mstari. Nilijiaminisha kwamba kuna kitu nimekosea ambacho mtu aliyesoma angekiona mara moja, na nikaanza kupanga moyoni namna ya kumwambia Mkurugenzi kwamba sina uwezo. Siku moja nilirudi mapema kutoka kula. Nikamkuta Mama Neema, mhudumu wa ofisi, anaifunika kompyuta kitambaa cha kufuma, kile cheupe chenye maua ya njano pembeni, anakivuta kila upande kikae sawa, mpaka kwenye matundu ya feni.

Nilimuuliza kwa upole kadiri nilivyoweza anafanya nini.

"Nakusitiri wewe," alinijibu. "Wageni wanapita hapa. Mashine ya ofisi ikae uchi?"

Nilimweleza kwamba mashine inapojenga programu inapata joto kuliko siku zote, na kwamba inahitaji kupumua. Alinitazama kwa huruma. Alisema televisheni yake ina kitambaa tangu ainunue na haijawahi kulalamika. Tulipatana kwamba kitambaa kitafunika printa ndogo ambayo ilikuwa mbovu. Nilipofungua kompyuta nikakuta pia feni imejaa wale wadudu wadogo wa ziwani, wakavu, wameshikana kama pamba. Isafishe kila wanapokuja. Usisubiri uambiwe.

Siku ujenzi ulipofika mwisho nilisakinisha programu, nikachapa ukurasa wa majaribio, na robo tatu ikatoka tarehe ileile. Nilitoka nje nikakaa kwenye jiwe. Mwalimu alinifuata kwa fimbo yake, akakaa jiwe la pili. Baadaye ndipo nilipoelewa: toleo jipya lilikuwepo, lakini la zamani nalo lilikuwepo kwenye folda yake, na kila nilipoita jina, la zamani ndilo lililoitika. Kabla hujatoka nje kukaa kwenye jiwe, andika amri ya which na jina la programu, mashine itakuambia inaitoa wapi. Halafu liondoe la zamani. Na ukishajenga, kabla hujasakinisha, andika amri ya make check, programu ijipime yenyewe. Usiruke hatua hiyo kwa sababu umechoka.

Nililiondoa la zamani. Nikachapa tena. Mwalimu Kaijage aliweka kidole kwenye mstari wa kwanza, na kidole kikasimama.

"Tatu," alisema. "Juu ya nne."

Aliurudia mstari mara ya pili. Kisha aliniambia kwamba na yeye alisamehewa hisabati, shuleni, zamani sana, na kwamba siku ile alishukuru. "Nilikuwa mtoto," alisema. "Nilidhani wamenipa zawadi."

Ule ukurasa mmoja aliupeleka Misungwi mwenyewe. Alisema Consolata aliusoma akiwa amesimama mlangoni mwa darasa, akausoma tena, kisha akauliza kwa hasira kabisa, "Kumbe ni hivi tu? Hiki ndicho mlichokuwa mnanificha?"

Tukaanza kuchapa. Kitabu ambacho mwanafunzi mwingine anakibeba kwapani, kwa nukta nundu kinakuwa rundo la majuzuu. Mwalimu alisoma kila ukurasa. Mimi nilirudia kurasa ambazo kingo zake hazikukaa sawa, mpaka akanikataza, akisema hiyo nukta ninayoihangaikia hata yeye mwenye vidole haisikii. Tuligundisha majalada, tukayapanga. Tulimaliza na muda wa usajili ulikuwa bado upo, tena wa kutosha. Naomba usome sentensi hiyo mara ya pili, kwa sababu katika ripoti haimo.

Mkurugenzi alipoyaona majuzuu alilia machozi. Alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo linaloniuma. Alituombea sote tukiwa tumesimama, kisha akasema jambo kubwa namna hii haliwezi kutoka mlangoni kimyakimya. Lazima lizinduliwe. Wafadhili watataka picha, na atafutwe mgeni rasmi wa hadhi inayolingana nalo. Majuzuu yaingie stoo, stoo ifungwe, funguo akae nazo yeye, ili yasije yakachukuliwa moja moja.

Kama umekulia hapahapa, sihitaji kukueleza uzinduzi. Choo cha shule kinazinduliwa. Kisima kinakaa na kufuli, watu wanachota maji ziwani, kwa sababu mgeni rasmi yuko safarini. Nilikuwa nayacheka mambo hayo kama kila mtu, nikidhani yanatokea kwenye ofisi za watu wengine.

Mgeni wetu alikubali, kisha akapata safari. Tukapewa siku nyingine, ikaingiliana na kikao. Mwalimu wa taaluma alipiga simu kuulizia, akapiga tena. Niliingia kwa Mkurugenzi na kumwomba kitabu kitangulie shuleni, kije tena siku ya sherehe kwenye gari.

"Kabula, mwanangu," alisema, akivua miwani. "Kitabu ambacho hakijazinduliwa ni karatasi. Nitamwambia nini mgeni, kwamba anazindua kitu kilichotumika?"

"Usajili unafungwa, mama."

"Nimesikia. Wiki ijayo."

Nilikuwa nimeona kitu kingine kilichonitisha zaidi. Siku moja stoo ilifunguliwa kuingiza vitu vya sherehe, nikachungulia. Majuzuu yetu yalikuwa yamelazwa chini, moja juu ya jingine, na juu yake yamewekwa maboksi ya fulana na katoni za maji. Nukta nundu ni vipele vya karatasi. Ukivilaza na kuviwekea mzigo vinalala. Vitabu hivi husimama kwenye rafu, kama watu kwenye foleni, na mzigo haukai juu yao. Nilimwambia mtunza stoo. Akanijibu vizuri tu kwamba nafasi ni ndogo, na kwamba atawaambia wenye sherehe yao. Nikamwandikia Mkurugenzi. Akajibu kwamba amepokea.

Nikaenda kwa Mwalimu Kaijage. Nilimwomba aingie yeye, mtu ambaye hawezi kukataliwa, adai funguo, aondoke na majuzuu. Alikuwa amebakiza miezi michache astaafu, na katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kutoka ofisini na hata kalamu ambayo haikuandikwa kwenye daftari.

"Tusubiri, Kabula," aliniambia. "Wakubwa wana taratibu zao."

Ningeweza kuchapa nakala nyingine, lakini karatasi nene zilikuwa zimekwisha na nyingine zingekuja na awamu inayofuata ya mradi. Nikasubiri. Mwalimu wa taaluma alipopiga simu mara ya mwisho hakuuliza chochote. Alitujulisha tu kwamba amefunga orodha na kuituma, na akatutakia kazi njema.

Mgeni rasmi alikuja baadaye. Kulikuwa na maturubai, viti vyenye nguo nyeupe, ngoma ya Kisukuma, na fulana zenye picha ya kitabu. Risala ilisomwa. Utepe ulikatwa. Kisha mshereheshaji akamwita Consolata mbele, ili wageni wamwone binti asiyeona akisoma hisabati. Aliongozwa mpaka kwenye meza, akafunguliwa juzuu la kwanza, na kipaza sauti kikasogezwa mdomoni kwake.

Aliweka vidole. Akavipeleka mwanzo wa mstari, akashuka mstari wa pili. Akafungua ukurasa mwingine. Nilikuwa nimesimama kwenye nguzo ya turubai na niliona vidole vyake vinatafuta kama mtu anayepapasa sakafu kutafuta sindano. Watu walianza kukohoa.

"Amezidiwa na furaha, jamani," alisema mshereheshaji. "Tumpigie makofi."

Wakapiga. Walipiga sana. Consolata alisubiri makofi yaishe, akafunga kitabu, akasema asante, akaomba apelekwe kwenye kiti chake. Mstari wa mbele Mwalimu Kaijage alikuwa ameinamisha kichwa. Hakupiga makofi.

Tulikutana nyuma ya turubai, karibu na masufuria ya pilau. Consolata hakunisalimia.

"Dada, mmenipa karatasi tupu," alisema.

Mwalimu alinyoosha mkono, nikampa lile juzuu. Alisoma kurasa kadhaa za katikati, akajaribu za mwisho. Nilijua tayari, lakini niliendelea kumtazama usoni, nikitumaini kwamba vidole vyake vya miaka mingi vitapata kitu.

"Zimelala zote," alisema. Kisha, akisema zaidi na nafsi yake kuliko na sisi: "Mkoba nilikuwa nao. Kila siku nilikuja na mkoba. Ningeyatoa mojamoja kabla stoo haijafungwa."

Consolata alimuuliza kwa nini basi hakusema pale mbele, kwenye kipaza sauti. Mwalimu alilifunga lile juzuu, akanirudishia. Nami nikamuuliza Consolata kwa nini yeye mwenyewe hakusema.

"Ningesemaje, na Mwalimu amekaa pale?" alisema. "Wangemcheka yeye."

Wiki iliyofuata nilipeleka ombi la kuchapa upya. Mkurugenzi aliniambia mradi umefungwa na taarifa imekwenda: kitabu kimetolewa, kimezinduliwa, kimekabidhiwa. "Tukichapa tena," alisema, "tutaulizwa vile vya kwanza vilikuwa na nini." Hakuwa na ukali wowote. Alinionyesha picha ambayo wangeitundika koridoni. Consolata yumo, vidole viko juu ya ukurasa, kichwa kimeinuka kidogo. Ni picha nzuri.

Mwalimu Kaijage alistaafu mwezi huo. Walimpa saa ya ukutani. Aliishukuru kwa hotuba fupi, kisha akaniomba nimweleze ni ya rangi gani. Mimi niliandika barua yangu siku chache baadaye. Nilipokuwa namalizia muda wa notisi ililetwa kompyuta mpya ya msaada, yenye programu ya kununua, na fundi aliyekuja kuifunga aliifuta ile ya zamani kabisa, bila kuniuliza, kama sehemu ya huduma. Programu hiyo mpya ni nzuri kwa hadithi. Mpe robo tatu uone.

Kwa hiyo utajenga upya, na sasa unajua vya kutosha kuanza. Msimbo chanzo bado upo mtandaoni, wazi kwa kila mtu, wala haujazinduliwa na yeyote. Ukikwama, niulize. Sitakuuliza cheti. Lakini nisikudanganye kwamba kujenga ndiko kugumu. Kujenga kunakuambia umekosea wapi. Ofisi itakuambia imepokea.

Mimi nimeijenga tena, kwenye kompyuta yangu kuukuu, chumbani kwangu Buzuruga. Mashine ya kuchapa sina na sitakuwa nayo. Programu inanionyesha nukta kwenye skrini, nami nazitoboa kwa mkono, kwa kibao na kijiti cha chuma alichoniachia Mwalimu alipokwenda Muleba. Unatoboa kwa nyuma, kutoka kulia kwenda kushoto, kila herufi ikiwa imegeuzwa, ili karatasi ikipinduliwa isomeke. Ni kazi ya kumtia wazimu mtu kama mimi. Ukikosea nukta moja hakuna kufuta.

Consolata alimaliza kidato cha nne akiwa amesamehewa hisabati. Sasa yuko kwao Ukerewe, na anataka kufanya mtihani wa somo hilo moja kama mtahiniwa wa kujitegemea, wakimkubalia. Hawajamjibu. Kurasa namtumia kwa meli ya Nansio, bandari ya kisiwani kwao, ndani ya boksi la viatu, zikiwa zimesimama.

Juzi nilimaliza zoezi la sura ya sita. Nilipolipitia nikakuta kwamba jibu la swali la mwisho nimelitoboa vibaya. Kwa kawaida ningeuchana ukurasa wote nikaanza upya, na mikono ilikuwa imekwishaushika. Lakini meli ilikuwa inakaribia kuondoka. Niliufunga ndani ya boksi hivyohivyo na kumkabidhi mtu wa mizigo, na njia nzima ya kurudi nilikuwa nalirudia lile jibu moyoni.

Jana alinitumia ujumbe wa sauti. Nyuma yake kuku walikuwa wanalia na mama yake anamwita.

"Dada Kabula, shikamoo. Swali la mwisho jibu lako siyo. Nimeweka la kwangu. Leta sura ya saba."